Dikteta tayari ana nchi nzima mkononi, ardhi ya jirani ya nini?

Swali: Shikamoo Profesa. Nafundisha historia kidato cha nne hapa Kahama. Vitabu vinasema kwa mstari mmoja tu kwamba sera za kujitanua za madikteta zilisababisha vita, halafu vinapita. Wanafunzi wangu hawaridhiki. Mmoja ameuliza: dikteta tayari ana nchi nzima mkononi, ardhi ya jirani ya nini? Mwingine anasema Idi Amin alikuwa kichaa, kwa hiyo hakuna cha kujifunza. Wa tatu, ambaye babu yake alipigana Kagera, aliuliza kwa sauti ya chini: si sisi tuliomchokoza, kwa kumpa hifadhi Obote, rais aliyempindua? Nimeshindwa kuwajibu ipasavyo. Naomba msaada wako.

Jibu: Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kuwa na darasa linalouliza. Nitawajibu wote watatu kwa kutumia zaidi vita vya Kagera. Hitler na Mussolini mnao vitabuni, lakini kuhusu vita hivi vya Tanzania na Uganda, vya 1978 na 1979, wanafunzi wako wanaweza kuwauliza watu waliokuwapo, akiwemo huyo babu kama yu hai.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Amin hakuingia Kagera kwa kuwa aliihitaji Kagera. Aliingia kwa sababu kambi zake mwenyewe za jeshi zilikuwa zinamshinda, na karibu naye hapakuwa tena na mtu wa kumwambia kwamba jambo hili litatumaliza. Ardhi ilikuja kuwa jina la shida hiyo.

Nianze na huyo wa kwanza. Anaamini dikteta ana nchi nzima mkononi. Hilo ni kosa, na ni kosa ambalo madikteta wenyewe wanapenda tulifanye. Amin alipoipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, hakuchukua nchi kwa kura wala kwa chama. Aliichukua kwa msaada wa askari, na tangu asubuhi ile akawa na deni kwao. Bunge likavunjwa, nchi ikaendeshwa kwa amri. Askari wa Acholi na Lango, waliodhaniwa ni watu wa Obote, wakauawa kambini kwa mamia katika mwaka ule wa kwanza. Nafasi zao wakapewa watu wa West Nile, pamoja na wapiganaji kutoka Sudan ya kusini na Zaire. Jeshi likakua haraka mno. Na jeshi la namna hiyo haliridhiki kwa mshahara na kiapo, linataka kugawiwa.

Kwa muda Amin alikuwa na cha kugawa. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Maduka yao, viwanda, nyumba na magari vikaingia mikononi mwa askari na watu wao wa karibu. Waganda wakawapa matajiri hao wapya jina ambalo hata mwanafunzi wa Kahama atalielewa bila kufasiriwa: mafuta mingi. Lakini duka ulilogawiwa ukauza kila kilichomo, mwaka wa pili ni kuta tupu. Viwanda vikasimama, sukari na sabuni zikawa za magendo. Kikabaki kitu kimoja, kahawa. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikapanda kwa kasi, na fedha hizo ndizo zilizombeba Amin. Ndege zilikuwa zikitoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zimejaa wiski na vitu vya anasa, zinatua Entebbe, na mzigo unakwenda kwa maofisa wa jeshi. Uaminifu wa jeshi ulikuwa unasafirishwa kwa makreti.

Waambie wanafunzi wako wakae na picha hiyo ya makreti kabla ya kuangalia ramani. Mtawala wa namna hii anapofikiria ardhi ya jirani, hafikirii kama mkulima anayetaka shamba. Anafikiria atawapa nini askari wake mwaka ujao, na atawaweka wapi wasije wakamgeukia.

Sasa jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Kila serikali ina tamaa zake. Kinachozuia tamaa isigeuke vita ni watu wa kawaida kabisa wa ofisini: waziri anayesema fedha hazipo, jaji anayesema sheria hairuhusu, jenerali anayesema jeshi haliwezi. Tazama nini kiliwapata watu hao Uganda. Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala Septemba 1972, akauawa. Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Frank Kalimuzo, akachukuliwa mwaka huohuo, hakuonekana tena. Waziri wa Mambo ya Nje, Wanume Kibedi, aliyekuwa shemeji yake Amin, akakimbia nchi mwaka 1973. Aliyekuja baadaye, Michael Ondoga, maiti yake ilikutwa Mto Nile mwaka 1974. Akafuata Elizabeth Bagaya wa Toro, akafukuzwa kazi kabla mwaka huo haujaisha, baadaye naye akatoroka. Waziri wa Fedha, Emmanuel Wakhweya, akakimbia mwaka 1975. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi.

Fikiria wewe ndiwe waziri unayefuata. Rais anakuuliza, "Tukiingia Tanzania, Nyerere atafanya nini?" Utajibu nini? Utajibu kile anachotaka kusikia, halafu utakwenda nyumbani kufungasha. Kwa hiyo yule mwanafunzi wa pili mjibu hivi: akitafuta ugonjwa kichwani mwa Amin atachoka bure. Kilichoonekana kama kichaa ni akili ya mtu ambaye kwa miaka saba hakuletewa habari ya kweli mezani. Mtu mwenye akili timamu ukimfungia katika chumba cha namna hiyo, ataanza kuamua mambo ya ajabu.

Na tukubali kwamba vituko vyake vilitupumbaza. Alimpelekea Mwalimu Nyerere simu ya maandishi akimwambia kwamba angekuwa mwanamke angemuoa, ingawa ana mvi. Wakati wa vita akapendekeza wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu Ulaya walicheka sana. Lakini chini ya vichekesho hivyo dai la ardhi lilikuwa halisi na la siku nyingi. Tangu mwanzo wa utawala wake alikuwa akizungumzia njia ya kufika baharini kupitia Tanga. Aliwaomba Waisraeli ndege za kivita za Phantom, wakakataa. Mwaka 1972 akawafukuza, akageukia Libya, na baadaye silaha nyingi zikatoka Umoja wa Kisovyeti.

Nakuja kwa mwanafunzi wa tatu, na huyu naomba umheshimu sana mbele ya wenzake, kwa kuwa swali lake ni gumu na ni la haki. Ndiyo, Tanzania ilimpokea Obote na haikuitambua serikali ya Amin. Ndiyo, wafuasi wa Obote walipewa kambi Kigwa, mkoani Tabora, si mbali sana na hapo mlipo. Na ndiyo, tarehe 17 Septemba 1972 zaidi ya wapiganaji elfu moja waliingia Uganda wakitokea ardhi ya Tanzania, wakielekea Masaka na Mbarara. Mpango ule ulikuwa mbovu tangu mwanzo, wakashindwa vibaya. Amin akajibu kwa kuishambulia Bukoba na Mwanza kwa ndege. Siad Barre wa Somalia akasuluhisha, na Oktoba 1972 yakatiwa saini makubaliano ya Mogadishu: kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, na pasiwe tena na kuwasaidia wapinzani wa mwenzake kuvamia.

Kwa hiyo Amin alikuwa na kinyongo, na kilikuwa na sababu. Tukilificha hili darasani tutakuwa tunafundisha wimbo badala ya historia. Lakini je, kinyongo hicho ndicho kilicholeta vita? Hapo tunayo bahati ambayo wanahistoria huipata mara chache, kwa sababu tunaweza kulinganisha. Kenya haikumweka Obote. Kenya haikutuma mpiganaji hata mmoja. Hata hivyo Februari 1976 Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kabla ya Nairobi, ni ya Uganda kihistoria. Akaitaja na Sudan ya kusini.

Dai lenyewe lilikuwa na chembe ya ukweli, na hii ni tabia ya madai yote ya namna hii. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha jimbo la mashariki la himaya yao ya Uganda wakaliunganisha na upande ambao leo ni Kenya. Kagera nako ni hivyohivyo. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, wakiwa mbali huko Ulaya, walikubaliana mpaka upite kwenye latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta, magharibi ya Ziwa Victoria. Mstari ulionyooka kwa rula. Mto Kagera hauna habari na rula, unapita kusini ya mstari huo, na kati ya mto na mstari pakabaki kipande cha kilomita za mraba 1,800 na kitu. Ukisimama Kyaka ukatazama kaskazini, macho yanakwambia mpaka wa asili ni mto huu hapa miguuni pako, na mbele ni nchi nyingine. Ni Tanzania. Amin aliyajua macho hayo yanasema nini, akayatumia.

Ndiyo maana viongozi wa Afrika waliokutana Cairo Julai 1964 waliamua mipaka iliyokutwa siku ya uhuru iheshimiwe, hata ile ya kipuuzi. Waliona kwamba ukimruhusu mmoja afukue makaratasi ya wakoloni, hakuna nchi itakayobaki nzima. Siad Barre, msuluhishi wetu wa Mogadishu, naye aliongoza nchi ambayo nyota ya bendera yake, yenye ncha tano, ilidai pia sehemu za Ethiopia na Kenya, pamoja na Djibouti, na Julai 1977 jeshi lake likaingia Ogaden. Alishindwa, na Somalia haijapona hadi leo.

Turudi Kenya. Kwa nini dai la 1976 halikuzaa vita? Kwa sababu jibu lilikuja upesi na lilikuwa na bei. Jomo Kenyatta alisema wazi kwamba hata inchi moja haitatoka. Watu waliandamana. Makuli wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda, na Uganda haikuwa na mlango mwingine wa maana wa mafuta na bidhaa. Amin akageuza maneno, akasema hakueleweka. Alirudi nyuma upesi, tena bila aibu, kwa kuwa dikteta ana redio yake na gazeti lake, anaweza kushindwa asubuhi na jioni akatangaza ameshinda. Kwa hiyo mtu huyu hakuwa anakwenda tu kama gari lisilo na breki. Alikuwa akipima.

Na alipopima upande mwingine, aliona nini? Aliona Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukifanya mkutano wake Kampala Julai 1975 na kumfanya mwenyekiti wake. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda, wengine wakaenda wakala na kunywa. Mauaji ndani ya Uganda yakaitwa mambo ya ndani ya nchi. Mimi naliona kosa hili kuwa kubwa kuliko kambi ya Kigwa, na sioni haya kulisema. Mtu aliyeua jaji wake na kisha akapigiwa makofi na marais wenzake alijifunza kwamba Afrika italalamika kidogo, halafu itazoea.

Mwaka 1978 mambo yote yakakutana. Bei ya kahawa ikaporomoka, na Oktoba Marekani ikapiga marufuku kununua kahawa ya Uganda. Aprili makamu wake, Mustafa Adrisi, mwenye wafuasi wengi jeshini, alipata ajali ya gari akapelekwa Cairo kwa matibabu. Huku nyuma Amin akaanza kuwaondoa watu wa Adrisi, mmojammoja. Kambi za kusini magharibi zikachafuka, kukawa na uasi na risasi baina ya askari kwa askari, na baadhi yao wakakimbilia upande wa Tanzania.

Risasi ya kwanza ya mpakani ilianzaje? Utakuta simulizi tofauti. Wapo wanaosema wanajeshi wa Amin waliwafukuza waasi wakavuka mpaka, mambo yakawazidi. Wapo wanaosema ofisa mmoja aligombana akiwa amelewa akaita jeshi. Wapo wanaosema ilikuwa amri kutoka Kampala. Usiwalazimishe wanafunzi kuchagua moja kana kwamba ni swali la mtihani. Nchi yenye waziri na bunge linalofanya kazi, ugomvi wa mlevi mpakani unaishia kwa mkuu wa wilaya. Uganda ya 1978 ugomvi huohuo ungeweza kuwa vita, na ukawa.

Mwishoni mwa Oktoba wakaja kwa maelfu, na vifaru. Tarehe 1 Novemba Kampala ikatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto sasa ni Uganda. Redio ikajigamba kuwa limetekwa kwa dakika 25. Upande wetu palikuwa na askari wachache sana, macho ya serikali yalikuwa kusini, kwenye ukombozi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Raia wapatao 1,500 wanakadiriwa kuuawa. Watu kama 40,000 walihama. Kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa. Ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kwenda kaskazini, na mabati yakang'olewa kwenye mapaa. Nilipokwenda kule kufanya utafiti, bibi mmoja aliniambia kitu ambacho sijakipata katika kitabu chochote. Alisema askari waliochukua mabati yake waliyahesabu kwanza, kwa utulivu, wakagawana, halafu mmoja akarudi kuomba misumari. Walikuwa wanazungumza Kiswahili. Alimpa.

Mwalimu, ukitaka wanafunzi waelewe maana ya "kupanua mipaka", wape misumari ile. Hayo makreti ya Stansted yalikuwa yamekwisha, askari sasa wanajilipa wenyewe.

Halafu kuna daraja. Mapema Novemba majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka. Walijaribu kwanza kwa mabomu ya ndege wakalikosa, ikabidi litegwe baruti. Nimelifikiria tendo hili kwa miaka mingi. Mtu anayetaka kuendelea mbele havunji daraja. Amin alidhani vita imekwisha. Alidhani mto sasa ni mpaka, maji yatamlinda, Umoja wa Afrika utaita kikao, na baada ya miezi kadhaa ramani itazoeleka. Siku chache baadaye alisema yuko tayari kuondoka ikiwa Nyerere ataahidi kutoivamia Uganda na kutowasaidia wapinzani wake. Yaani aliiteka ardhi ya watu ili aje airudishe kwa bei. Hesabu yote ilikuwa imejengwa juu ya dhana moja, kwamba jirani atafanya kama wengine walivyofanya.

Nilikuwa darasa la sita. Tarehe 2 Novemba tulisimama kwenye redio ya jirani, watu wazima mbele, watoto nyuma, tukamsikiliza Mwalimu akizungumza kutoka ukumbi wa Diamond Jubilee. Wanafunzi wako bila shaka wanayajua maneno yale: sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, na nia ya kumpiga tunayo. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba hakuna aliyeshangilia pale uani. Baada ya wiki moja stendi ilikuwa tupu. Serikali ilichukua mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi, yakabeba askari kwenda kaskazini, mvua zikiwa zimeanza. Mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT wakaingizwa jeshini hadi idadi ikapita 100,000.

Yaliyofuata yapo vitabuni, nitayapita. Kabla Novemba haijaisha wavamizi walikuwa wamerudi upande wao. Januari 1979 JWTZ ikaichukua Mutukula. Na hapa usiwafiche wanafunzi: askari wetu, wakiwa na hasira ya waliyoyakuta Kagera, waliisawazisha Mutukula na raia wakauawa. Mwalimu Nyerere alichukizwa sana, akatoa amri kali raia wasiguswe. Masaka na Mbarara zikaanguka mwishoni mwa Februari. Gaddafi wa Libya alileta askari wake, wakapigwa Lukaya Machi. Tarehe 11 Aprili Kampala ikatekwa, na Juni majeshi yakafika mpaka wa Sudan. Amin alikimbilia Libya, akaishia Saudi Arabia, akafa Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa mahakamani.

Waganda waliwapokea wakombozi wao kwa vifijo. Lakini bei ilikuwa kubwa pande zote. Tanzania inakadiriwa ilitumia dola milioni 500, mwaka uleule bei ya mafuta ikapanda. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Mikanda ile ilifungwa miaka mingi zaidi ya hapo, na nyie mliozaliwa baadaye mmekulia katika matokeo yake. Uganda ikaingia katika vita vyake vyenyewe. Katika mkutano wa Monrovia Julai 1979 baadhi ya marais walitushutumu sisi kwa kuvuka mpaka. Kanuni ya Cairo waliikumbuka siku hiyo. Novemba 1978 hawakutaka hata kumlaani mvamizi.

Najua kuna mwanafunzi atakayeuliza kama kila dikteta lazima avamie. Hapana, na mfano mzuri tunao kusini kwetu. Kamuzu Banda wa Malawi, katika miaka ya 1967 na 1968, alidai Ziwa Nyasa lote na kuendelea, akitaja maeneo ya Tanzania, Zambia na Msumbiji. Alikuwa mtawala wa mkono wa chuma naye. Lakini Banda alitawala kupitia chama chake na vijana wa chama, jeshi lake lilikuwa dogo na halikuwa likimdai chochote. Dai lilibaki maneno. Mgogoro wa ziwa bado upo mezani hadi leo, na bado unazungumzwa na wanasheria. Kwa upande mwingine mtazame Galtieri wa Argentina. Tarehe 30 Machi 1982 wafanyakazi walijaa barabara za Buenos Aires kuupinga utawala wa kijeshi, na tarehe 2 Aprili askari wake wakateremka visiwa vya Falkland. Siku tatu tu. Naye aliamini Waingereza watapiga kelele kisha wazoee. Katikati ya Juni alikuwa ameshindwa na amepoteza kiti.

Kwa hiyo mkifika kwenye Hitler na Mussolini, waambie wasianze na ramani yenye mishale. Waanze na maswali: nani alikuwa anamdai mtawala, nani alikuwa bado na uwezo wa kumkatalia, na alipojaribu mara ya kwanza alijibiwa nini. Ethiopia ya 1935, alipoivamia Mussolini, na Rhine ya 1936, Hitler alipoingiza jeshi, zitasomeka vingine kabisa.

Na kama shule ina ramani ya zamani ya Tanzania, iliyochapwa kabla ya 1979, itundike siku hiyo kando ya mpya. Kona ile ya juu kushoto mkoa unaitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Mwombe yule kijana wa tatu asimame, aoneshe kwa kidole mto ulipo na mpaka ulipo, na kama babu yake atakubali kuja kukaa mbele ya darasa, mpe kiti na umwache azungumze kwa muda anaoutaka.